Wamekula Matanga ya Mama Yangu

Bwana Mhariri, chapisha haya lakini jina langu lifiche. Mimi ni mtu wa bara, umri wangu yapata miaka thelathini, na shule niliiacha darasa la tatu. Nabeba magunia bandarini, nalala Chaani, huku Changamwe.

Mama yangu alikufa akazikwa, mimi nimenyimwa ruhusa kazini. Kwetu, mtoto aliyekosa mazishi haingii nyumba ya mamaye mpaka amlilie mbele ya watu wa kwao, ngoma ikipigwa na watu wakila. Kaka yangu akanitumia neno: "Mlilie huko huko, kisha uje." Basi akiba yangu yote nikampa mkuu wa chama chetu cha mazishi, anunue mbuzi na unga, awalipe wapiga ngoma.

Asubuhi ya siku yenyewe askari akapita na amri: hakuna ngoma Changamwe, wala watu wasikusanyike. Mkuu akaniambia, "Nenda kazini, bwana, tutapanga siku nyingine." Nikaenda. Niliporudi jioni nikakuta mbwa wanagombania mifupa uani kwake.

"Mzee," nikamwambia, "nirudishie fedha yangu."

"Ya nini? Kilichokatazwa ni ngoma. Kula hakukukatazwa."

Wenzangu wa chama, watu wa kwetu wenyewe, wakacheka huku wakichokoa meno. Mmoja akajipiga tumbo: "Mdai mbuzi. Yumo humu."

Nikasema basi nipewe hata ile ya wapiga ngoma, maana hawakupiga. Mzee akanijibu taratibu, kama anayembembeleza mtoto: "Hiyo haikupotea. Tumekuwekea. Itakuzika wewe."

Machozi yakanitoka. Yule mwenye tumbo akapaza sauti, "Haya! Si ulitaka kumlilia mbele ya watu? Watu ndio sisi. Lia!"

Nikafuta uso, nikatoka.

Mama mwenye nyumba ninayopanga, mzaliwa wa hapa pwani, asema, "Mwanangu, wallahi hiyo ni dhuluma. Nenda kawashtaki." Hajui kwamba anayekishtaki chama hufukuzwa, na asiye na chama akifa huku huzikwa na wafungwa, bila mtu wa kulitaja jina lake.

Nikinyamaza, mlango wa mama sitaupita maisha. Nikishtaki, sina wa kunizika. Ndugu wasomaji, nipeni shauri: nidai matanga ya mama yangu, au nilinde kaburi langu?