Siku Tuliyompeleka Mwalimu Mkuu Mtoni

Mwalimu mkuu wa Kizungu alipofunga virago kuondoka Msambweni, mwaka wa pili baada ya uhuru, alituachia vimashua vinne. Alikuwa amevitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi na gundi, virefu kuliko vitanda viwili, vyembamba hata makalio ya mtu mzima yakajaa pomoni. Havikuwa na tumbo la kuingia. Mtu alikaa juu yake, miguu ameinyosha mbele, kama mwanamke aliyekalia mbuzi akikuna nazi, na mkononi ameshika kafi lenye bapa huku na huku. Kimashua kile ukikibeba begani hukisikii uzito. Lakini ukikaa juu yake ukapiga chafya, kinakupindua.

Sisi tulikwisha kuvizoea. Tulikuwa walimu watatu: naibu wa mwalimu mkuu, ambaye kwao ni Mwabungo, mwalimu wa hesabu, na mimi, niliyefundisha Kiswahili na jiografia. Kila Jumamosi yenye upepo tulikwenda mtoni.

Kila mtu alijua kwamba naibu ndiye atakayekuwa mwalimu mkuu mpya. Mkewe alikuwa ameshashona mapazia ya nyumba ya mwalimu mkuu. Badala yake ikaja barua kutoka juu, na nyuma ya barua akaja mtu wa bara.

Tulimchukia kabla hajashuka kwenye basi. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miwani mizito, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuchekesha. "Kitabu yangu iko wapi?" alikuwa akiuliza, na sisi tukiinamisha nyuso. Naibu alimwambia, kwa uso mkavu kabisa, kwamba huku pwani shikamoo ni salamu ya adabu ambayo kila mtu humpa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Basi Jumatatu asubuhi, mbele ya bendera mpya, mtu yule alisimama wima mbele ya shule nzima akasema, "Shikamooni, watoto."

Kisha darasa la kwanza, ambao hawakujua jingine ila kuitikia, wakaitikia kwa sauti moja ndefu, "Marahabaaa."

Sisi watatu tulikwenda nyuma ya tangi la maji tukacheka mpaka machozi yakatutoka.

Jioni yake alinifuata. "Mwalimu, kumbe mimi nimeamkia watoto," alisema, naye akitabasamu. "Nifundishe wewe. Wewe ni mwalimu ya Kiswahili."

"Mwalimu wa Kiswahili," nikamsahihisha.

"Mwalimu wa Kiswahili." Akatoa daftari, akaandika.

Tangu siku ile nilikwenda kwake kila siku baada ya alasiri. Alinipikia chai mwenyewe, kwani mkewe alikuwa amebaki bara. Tulikaa barazani, naye akirudia kama mtoto: mtu wangu, mti wangu, kitabu changu, maji yangu. Aliniambia mambo ambayo hakuwaambia wengine, kwamba baba yake alikufa maji kwenye mto mdogo wa kwao, na kwamba usingizi wake hapa ulikuwa mbaya kwa sababu aliisikia bahari. Mimi nilikunywa chai yake, kisha nikaenda kwa naibu nikamwigiza.

Ijumaa yake ya kwanza, bila ya kuombwa na mtu, alifunga madarasa saa sita ili Waislamu twende msikitini, naye akabaki akiwaangalia watoto wengine. Hata hilo tulimchukia nalo. Mtu unayemchukia akikutendea wema, amekuongezea kazi.

Mwezi wa saba upepo wa kusi ulishika. Siku hizo, ukiuingia mto Ramisi kutoka Bodo, pale unapokutana na bahari, na maji yakiwa yanajaa, upepo na maji hukusukuma pamoja kwenda juu mpaka darajani. Mto pale chini ni mpana, mawimbi hukimbia ndani yake kama bahari ndogo, na mikoko imeukaba kila upande.

"Bwana Mkubwa," naibu alimwambia tukiwa katika chumba cha walimu, "Jumamosi twende sote mtoni. Watu hawafahamiani kwa kutiliana sahihi daftarini tu."

Mwalimu mkuu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Mimi sijui kuogelea," alisema. "Wewe waonaje? Kuna hatari?"

"Hakuna hatari yoyote," nilisema. "Upepo utakuwa mgongoni. Ni kama kupanda baiskeli mteremkoni."

"Kama wewe wasema, nitakuja."

Mwalimu wa hesabu alikuwa na binamu mwenye pikapu. Ilitupeleka Bodo asubuhi, kisha ikazunguka kwenda kutungojea darajani. Mwalimu mkuu alikuja amevaa soksi na kaptura ya kaki iliyopigwa pasi. Miwani alikuwa ameifunga kwa uzi kisogoni. Tulimpa kimashua chembamba kuliko vyote.

Alianguka mara tatu pale pale kwenye maji ya magoti. Kila alipoanguka naibu alimwambia, "Pole, Bwana Mkubwa, ndiyo kujifunza," na kila alipotupa kisogo, naibu alitutolea ulimi. Mara ya nne hakuanguka. Tukaondoka.

Upepo ulikuwa mkali. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, na mawimbi yalitupita yakiwa na povu vichwani. Siri ya mchezo ule ni kuliwahi wimbi. Linapokuinua kutoka nyuma unapiga kafi mara tatu nne kwa nguvu, na ukiliwahi, kimashua huteleza chenyewe, hulihitaji tena kafi, waenda tu kama uliyerushwa. Sisi ilituchukua miezi kujifunza. Tulikata mbele, tukamwacha nyuma, tukiwa na hakika kwamba atapinduka. Hicho ndicho tulichokuwa tumekijia.

Kisha nikasikia ukelele. Nilipogeuka, alikuwa juu ya wimbi. Mgongo ameunyosha, kafi ameliinua hewani, mdomo wazi, anapiga kelele kwa lugha ya kwao, anacheka. Sijapata kumwona mtu mzima mwenye furaha kama ile. Alimpita mwalimu wa hesabu. Alinipita mimi, akaniita, "Mwalimu! Naona! Naona sasa!" Akampita naibu.

Niliuona uso wa naibu. Alinitazama tu, nami nikaelewa kwamba kuna kitu natakiwa kufanya, na kwamba mimi ndiye wa kukifanya, kwa sababu ni mimi ambaye yule mtu wa bara aliniamini.

"Mamba!" nilipiga kelele. "Nyuma yako! Mamba!"

Aligeuza kichwa, na hilo likatosha. Kimashua kilimtupa ubavuni. Alizama, akaibuka, miwani haipo, mikono inapiga maji bila mpango. Bahati yake alikuwa karibu na ukingo. Wimbi lilimsukuma mpaka kwenye mikoko, akaikumbatia mizizi na kuipanda kwa mikono, magoti na kifua. Mizizi ya mikoko imejaa chaza, na chaza hukata kama chupa iliyovunjika. Tuliiona damu ikishuka kwenye mikono yake hadi viwikoni.

Tulicheka. Nataka niliseme hili kama lilivyokuwa: tulicheka mpaka mwalimu wa hesabu nusura apinduke. Kimashua kitupu kilitupita kikipeperushwa na upepo, mwalimu wa hesabu akakikamata na kukifunga nyuma ya chake.

"Mwalimu!" aliita yule mtu juu ya mti. "Mwalimu!" Hakumwita naibu, hakumwita Mungu. Aliniita mimi. Upepo ulikuwa ukitusukuma, na sauti yake ikawa inapungua.

Kwa miaka mingi nilisema kwamba upepo ndio uliotuzuia kurudi. Kukigeuza kimashua kile kukabili kusi ni kazi ngumu, kweli. Lakini wiki mbili kabla ya hapo niligeuka mahali palepale kwa ajili ya kofia yangu iliyoanguka, na nikaipata.

"Mwacheni apoe," alisema naibu. "Maji yakipwa atatembea."

"Maji yanajaa," alisema mwalimu wa hesabu.

"Basi ataogelea."

Tukacheka tena.

Darajani tulimkuta binamu na pikapu yake. Tulinunua mihogo ya kuchoma na chai. Naibu alisimama akatuigizia jinsi yule mtu alivyopanda mkoko, magoti yakitangulia, nasi tukamwomba arudie. Zikapita saa mbili. Binamu aliuliza mtu wa nne yuko wapi, tukamwambia anakuja kwa miguu. Saa ya tatu hatukuwa tukicheka tena, lakini hakuna aliyeondoka pale alipokaa.

Ndipo ukatokea mtumbwi wa wanawake wawili, mmoja wa makamo, mwingine kijana mwenye mimba kubwa. Katikati yao alikaa mwalimu mkuu amefungwa leso mabegani, mikono ameiweka mapajani, viganja juu, imefungwa vitambaa vilivyolowa damu.

"Huyu ni wenu?" aliuliza yule wa makamo.

"Ni mwalimu wetu mkuu, mama," alisema naibu. "Tumehangaika sana."

Mwanamke aliyatazama maganda ya mihogo miguuni petu. "Tumemkuta juu ya mkoko, maji yamemfika kiunoni. Tulidhani anaomba dua, kwa vile alikuwa akisema peke yake. Tulipokaribia tukamsikia. Anasema, mti wangu, miti yangu, mkono wangu, mikono yangu."

Mimi nilikuwa nikitazama chini.

"Sisi tulikuwa tunarudi kwetu Bodo," aliendelea, "tunaukabili huo upepo, na huyu mwanangu yuko katika hali hii mnayoiona. Tumegeuza. Nyinyi wanaume watatu mlishindwa nini?"

"Upepo, mama," alisema naibu.

"Haya, upepo." Hakusubiri ahsante. Walimsaidia kushuka, akamwachia leso yake, wakageuza mtumbwi.

Katika pikapu mwalimu mkuu hakutulaumu. Alitetemeka tu, na kila tulipopita shimo alifunga macho. Siku ya tatu mikono ilivimba. Hospitali walimlaza. Mkono wa kushoto ukapona, wa kulia ukaoza, na mwishowe wakamkata vidole viwili, kidole gumba na kile cha pili yake. Naibu alimpelekea pilau, akakaa kitandani kwake, akamlisha kwa kijiko. Manesi walisema hawajaona mtu mwenye huruma kama yule.

Afisa wa elimu alikuja kuuliza. Mwalimu mkuu alisema alikwenda kwa hiari yake na akaanguka kwa uzembe wake. Alirudi shuleni akajaribu kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Herufi zilipanda na kushuka, na watoto, waliojifunza kwetu jinsi ya kumtazama, walicheka wazi. Mwisho wa muhula aliomba uhamisho.

Naibu alipewa shule. Mapazia yalitundikwa wiki hiyohiyo. Mwalimu wa hesabu, ambaye siku moja akiwa na huzuni alisema tulifanya vibaya, alipelekwa Kinango, kwenye shule isiyo na maji, na huko alikaa miaka minane. Mimi sikuhamishwa. Mimi niliwekwa karibu. Nilipoomba ruhusa ya kumzika mjomba wangu, mwalimu mkuu mpya aliniuliza kwa upole, "Kwani umeona mamba?" Sikwenda mazikoni. Niliishi hivyo mpaka alipostaafu.

Siku yule mtu wa bara alipoondoka, ni mimi tu niliyekwenda kumsindikiza kwenye kituo cha basi. Nadhani nilikwenda kuhakikisha kwamba anaondoka. Alikuwa na miwani mipya. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, hata jirani zangu walikisifu.

"Nina jambo moja nataka kukuuliza," alisema. "Bila ya miwani sikuona kitu. Usiku linanisumbua. Siku ile, ulimwona mamba kweli?"

Basi lilikuwa linanguruma. Kondakta alikuwa juu anafunga sanduku lake. Palikuwa na nafasi ya kutosha ya kusema neno moja.

"Nilimwona," nilisema.

"Alikuwa mkubwa?"

"Mkubwa sana."

Alishusha pumzi ndefu, mabega yake yakashuka. "Basi uliniokoa," alisema. "Namshukuru Mungu, maana nilikuwa nimeanza kufikiri mambo mabaya juu yako." Akanipa mkono. "Niwie radhi kwa huu wa kushoto."

Niliushika. Ulikuwa na makovu mengi madogo meupe, na ulikuwa na joto.

Aliniandikia barua mbili kutoka bara, herufi kubwa zilizolala, kama za mtoto wa darasa la pili. Katika ya kwanza aliulizia hali ya mama yangu, akataka nimsahihishe makosa na kumrudishia. Sikuyakuta makosa. Ya pili sikuifungua.