Mtumbwi Niliousugua

Kazi yangu ni kuchunguza chachu. Ndani ya kila chembe yake, uzi wa urithi umezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye bobini ya fundi cherehani. Panapokazwa, jeni hulala; panapolegezwa, huamka. Watu huniuliza nilianzaje kuipenda chachu. Sikuipenda. Niliikosea.

Wakati wa vita nilikuwa mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa pili, kichwa kimenivimba. Chuo kilifungwa, nikarudi kijijini kwetu Vuhovi, karibu na Butembo. Wiki hiyo wanajeshi walimkamata baba barabarani wakamtia kashoni, mahabusu ya kambi yao. Mkubwa wao alimwambia mama alete bidoni mbili, yaani madumu mawili, za kasiksi Jumamosi, naye atamwachilia mume wake.

Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mama aliichachushia katika gogo lililochongwa kama mtumbwi. Halikuoshwa kamwe. Mimi nilipoliona jeusi, linanuka, nilichukia. Mama akiwa shambani kukata ndizi, nililisugua kwa sabuni na maji ya moto, mpaka ndani ya nyufa. Nilidhani naua uchafu.

Siku ya tatu juisi ya ndizi tuliyoimimina humo ilikuwa bado tamu, haijachacha. Mama aliinama juu ya mtumbwi muda mrefu. Nikamwambia ni baridi imeizuia. Jumamosi tukaibeba hivyo hivyo, maana hatukuwa na nyingine.

Mkubwa akaonja, akatema.

«Mama, hii ni jus ya batoto. Unatuzarau?»

Akamwaga bidoni zote mbili miguuni petu. Jumatatu wafungwa walipakiwa kwenye kamio, lori la jeshi, kuelekea Beni. Baba hatukumwona tena.

Miaka mingi baadaye, maabarani, nilielewa kwamba chachu ya mama iliishi ndani ya nyufa zile, na kwamba niliiua mimi. Niliona aibu. Nilifunga safari hadi Butembo, mama alikokuwa amehamia, mtaa wa Vulamba, nimwambie. Nilimkuta anamenya maharage. Nilipotaja mtumbwi tu, akanikatiza.

«Nilisikia harufu ya savon siku ile ile jus ilikataa.»

«Mbona hukusema, mama?»

Aliendelea kumenya.

«Bwana yangu alishaenda. Sikutaka nipoteze na mutoto.»

Nikachukua maharage yaliyobaki, nikamsaidia.