Miaka Miwili Bila Kumwandikia Dada

Nilisoma hadi darasa la nne, lakini barua zangu niliandika mwenyewe. Kila mwezi nilimpa barua mfanyabiashara wa dagaa aliyekuja sokoni Nyasubi, naye akaifikisha Nkome, kando ya ziwa, kwa dada yangu. Habari aliyoitaka hasa ilikuwa ya mwanawe. Alinikabidhi mtoto huyo asome kwangu Kahama, nami niliahidi kumrudisha na cheti mkononi.

Alipofika kidato cha pili akatoroka shule, akaenda Geita kuchimba dhahabu. Nikaacha kuandika. Nilijiambia nitaandika akirudi shuleni. Hakurudi. Yule wa dagaa alikuwa akiuliza, "Mama, leo tena hakuna barua?" Namjibu nina kazi.

Ikapita miaka miwili. Aibu iliponizidi nikapanda gari la Nkome, niende nikaseme kwa mdomo. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Kwetu habari ya kifo haiandikwi. Hutumwa mtu mzima, naye haanzi nayo. Huanza na mvua, ng'ombe, watoto wa jirani, mpaka mwenye msiba awe ameketi. Nalijua hilo tangu utoto, na bado nilikwenda bila taarifa, nimejitanda kanga nyeusi kwa ajili ya vumbi.

Dada alikuwa anaanika dagaa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Nimekuja mwenyewe."

Akakaa palepale mchangani. Majirani wawili wakasogea. Nami, kwa kuogopa kutaja shule, nikaanzia mbali. Nikasema tumehama Nyahanga, sasa tuko Nyasubi. Nikasema nyumba ni ya mabati. Nikasema binti yangu amejifungua mapacha.

"Na mvua?" Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mvua haikuwa mbaya."

Jirani mmoja akavua kilemba, akakifunga kiunoni, kama wafanyavyo wanawake wakijiandaa kulia. Hapo nikaelewa nimefanya nini: walidhani nimeleta msiba.

"Huyu katoka Kahama kutusifia mabati," jirani wa pili alisema. "Mama, sema kilichokuleta."

Dada alimnyamazisha kwa mkono. Akaniuliza, "Mwanangu mmemzika wapi?"

"Yuko hai. Ameacha shule, anachimba Geita. Mwezi uliopita alikuja kutusalimia."

Hakulia wala hakushukuru. Jirani akarudisha kilemba kichwani.

"Ameacha lini?"

"Barua zilipokoma."

"Kumbe miaka miwili namlilia mtu anayekula ugali. Na wewe unajua."

"Nilijua, dada."

"Shimo lake linakwenda chini kiasi gani?"

Sikujua. Sikuwahi kufika huko.

"Kaangalie. Halafu uniandikie. Usije."

Siku ile hakunipikia. Jirani wa kilemba ndiye aliyeniletea ugali, akasema, "Kula, mama mabati, safari bado ipo." Nikala.

Asubuhi nilipanda gari la Geita, nikauliza njia mpaka nikafika machimboni. Wachimbaji wenzake wakanionyesha shimo lake. Nikasimama ukingoni nikiangalia kamba inavyotikisika, mpaka kijana wetu akatokeza, mwekundu kwa vumbi, meno tu ndiyo yanaonekana. "Shikamoo, mama mdogo," alisema, akakwepa macho yangu. Sikumgombeza. Niliinama nikachungulia alikotoka.

Nikaazima kalamu kwa muuza chai. Nikaandika: Mwanao ni mzima, nimemshika mkono. Shimo nimelichungulia. Sikuona mwisho wake.