Picha Niliyoipunguza ya Mama

Mama alipofariki, kazi niliyopewa mimi ilikuwa picha tu. Kaka yangu alishika jeneza, kamati na hema. Mimi niko London, karatasi zangu zilikuwa uhamiaji zikingoja kufanywa upya, na ningetoka nisingerudi. Basi nikaambiwa nitume picha kubwa, safi, ile ambayo mjukuu huibeba mbele ya jeneza. Kwetu Taita siku hizi watu huitazama picha hiyo kuliko hata jeneza lenyewe. Nilishukuru. Nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja cha kumfanyia mama, nami nilitaka nikifanye vizuri.

Picha ya kufaa ilikuwa moja. Niliipiga mwenyewe nilipoenda nyumbani mara ya mwisho, amekaa nje ya jikoni akichambua mchicha, anacheka kwa sababu nilimwambia akae kama mke wa chifu. Kwingine kote amegeuka ama amejiziba uso kwa leso, maana mama hakupenda kamera kabisa.

Nilipoifungua kwenye kompyuta nikaona ni ndogo ajabu, na papo hapo nikajua nani wa kulaumiwa. Simu ya mama ilikuwa ya bei rahisi na bando lake la kuhesabu. Nikimtumia picha nzito ilikuwa inazunguka tu, haifunguki, naye ananipigia kunilalamikia. Kwa hiyo wakati ule nilitafuta programu ya kupunguza picha, nikazipunguza zote kwa mkupuo mmoja, upande mrefu pikseli mia sita. Programu ikaniuliza, nihifadhi nakala ama niandike juu ya ile ya mwanzo? Simu yangu nayo ilikuwa imejaa. Mimi na ujanja wangu nikabonyeza: andika juu. Kwenye kioo cha simu zilionekana zilezile, sikuona tofauti yoyote.

Nilipotoka zamu Lewisham nikapanda basi hadi Peckham, kwa Mkongo mmoja mwenye duka la kuchapisha picha na fulana za misiba, anitayarishie faili ya kutuma nyumbani. Aliitazama, akaivuta ikue, jicho la mama likawa miraba miraba kama sakafu ya bafu.

"Mama, hii picha iko kidogo sana," akasema kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Kupunguza ni mwepesi. Kurudisha, hapana."

Akanieleza kwa upole kwamba kilichotupwa hakimo tena, na kila nitakachoona kikiongezeka kitakuwa cha kubuni. Akanishauri ichapwe saizi ya kadi ya posta, hapo itakuwa safi, kisha iwekwe kwenye fremu yenye ukingo mpana. Lilikuwa wazo la mtu anayeijua kazi yake. Nikampigia kaka yangu hapohapo dukani.

"Mama yetu abebwe saizi ya kitambulisho?" akasema. "Wewe uko London, unashindwa na picha? Watu watasema nini?"

Nilikasirika, na nikikasirika huwa sifikiri. Nikatoka bila kumuaga yule Mkongo vizuri. Nikiwa kituoni nangoja basi, nikapakua programu nyingine, ya kukuza picha kwa akili bandia. Nikaiingiza ile ndogo. Baada ya muda kidogo akatokea mwanamke mkubwa, safi, kila unywele unahesabika. Ngozi nyororo, nyusi zimechongwa. Mama alikuwa na mwanya ambao baba aliusifia hadi anakufa. Programu ilikuwa imeuziba kwa jino zima, jeupe pe.

Niliona. Siwezi kudanganya hapa, niliona mara moja kwamba huyu si mama. Lakini kaka alikuwa ameshatuma ujumbe wa tatu, fundi wa kuchapisha kule nyumbani anangoja, nami nilikuwa nimechoka kuonekana mtu asiyeweza lolote. Nikaituma.

Mazishi niliyatazama asubuhi kwenye simu, jikoni kwangu, mimi na binti yangu wa miaka tisa. Picha ilitangulia jeneza, ikang'aa juani. Watu wakaandika chini ya video: mama amependeza, mama bado kijana. Kaka akaniandikia, kazi safi sana. Nililia, na binti yangu akanishika mkono akidhani ninalia kama watu wanavyolia msibani.

Baada ya wiki moja akanipigia mama mkubwa, dada yake mama, aliyebaki peke yake sasa.

"Mwanangu, yule mliyembeba mbele alikuwa nani?"

Nikaanza kumweleza bibi wa watu habari za pikseli. Aibu yangu! Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama ile ndogo bado ninayo. Nikamwambia ninayo.

"Basi nitumie. Mimi hata mkiniletea kivuli nitamjua. Ila watoto wenu mmewapa mgeni."

Nilimtumia ileile ndogo, na kwenye simu yake ikafunguka vizuri.

Binti yangu hakuwahi kumwona nyanya yake ana kwa ana. Ile kubwa ameiweka kwenye kioo cha tableti yake. Juzi nilimwonyesha ndogo, nikamwambia huyu ndiye mwenyewe. Akaitazama kitambo, akanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, kwamba yeye anampenda Nyanya yake yule mwingine, wa kwenye tableti.