Lenzi Iliyosuguliwa kwa Jivu

Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, nilipokuwa napiga picha za arusi kati ya Kasese na Bwera, nilikuwa na lenzi moja tu, na niliitunza kuliko meno yangu. Mbele yake nilifunga kioo cha kinga. Mfukoni nilikuwa na kitambaa laini ambacho hata mke wangu hakuruhusiwa kukigusa. Vumbi nililipuliza kwanza, ndipo nikapangusa. Ukianza kupangusa, unasugua mchanga kwenye kioo.

Jioni moja bodaboda ilitubwaga matopeni, mimi na mke wangu, tukienda kwa mama yake Bwera. Kesho yake nilikuwa na arusi huko huko. Niliacha kamera uani ikauke, nikaenda kuoga. Kurudi, naikuta juu ya kichanja cha vyombo, katikati ya vikombe, inang'aa. Mama mkwe ameisugua mbele kwa jivu na majani makavu ya mgomba, kama sufuria. Kwake chombo cha mgeni hakiondoki kichafu.

Kioo kilikuwa mikwaruzo mitupu. Na kumfokea siwezi! Kwao mkwe husemi naye ana kwa ana, neno linapita kwa mke. Basi nikamfokea mke, kwa Kiswahili, ambacho mama hakukijua.

"Mwambie mama yako hii si sufuria!"

Mke akageukia jikoni, akasema kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, "Mama, anashukuru."

"Sikusema hivyo!"

"Anasema anashukuru sana."

Jikoni pakajibiwa, "Kama ana vingine vichafu alete. Jivu bado lipo."

Nikajaribu kufungua kile kioo nione kama lenzi yenyewe imepona. Kimekwama, jivu limejaa kwenye nyuzi zake za kuzungushia. Mke akashika kamera, mimi nikazungusha kwa nguvu zote. Kikalia, kikatoka. Lenzi ilikuwa safi. Nikaikagua tena, safi.

Mnadhani nilipoa? Kioo kile nilikipigania bei dukani Kasese mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka na kiti chake. Sasa lenzi itakwenda uchi kwenye arusi, kati ya watu wanaotikisa soda kabla ya kufungua.

"Mwambie nimeshukuru," nikasema, meno yamebana. "Na asiiguse tena."

"La kwanza nimeshalifikisha," mke akasema. "La pili kaseme mwenyewe."

Nikalala na kamera kifuani.