Safari ya Kiatu cha Kushoto

Ninachotaka kusimulia hapa hakuna atakayekiamini, na wala simlaumu mtu. Mimi mwenyewe niliyeyaona kwa macho yangu mawili, asubuhi nyingine naamka nikijiuliza kama sikuota. Lakini nimekaa kwenye benchi la karakana ya mpwa wangu, daftari gotini, naye yuko palepale amenipa mgongo akigonga misumari. Nikiteleza atanisikia, maana nina tabia ya kusoma kwa sauti kila ninachoandika. Shule niliiacha darasa la sita; mimi na mwalimu tulikubaliana kwamba inatosha.

Haya. Mpwa wangu ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Kisigino. Jina alijitafutia mwenyewe. Ukimsalimia, macho yake yanaanza chini, yanakagua viatu vyako mbele na nyuma, ndipo yanapanda usoni kukujibu. Kiatu kwake ni barua iliyofunguliwa. Siku moja alimwambia mteja, "Kaka, gari lako lina klachi nzito," na gari lenyewe hajawahi kuliona. Alisoma tu soli ya kushoto. Yule bwana akatoka akiangalia nyuma kama aliyeona jini.

Sasa, kuna mwalimu mmoja wa hesabu, anaishi mji wa jirani. Alipata ajali, mguu wake wa kushoto ukaungwa, ukapona, lakini ukabaki mfupi kwa upana wa vidole vinne. Mwaka mzima anafundisha akiegemea fimbo, anaandika ubaoni kwa mkono mmoja na kujishikilia kwa mwingine. Mwisho wa muhula mwalimu mkuu akamwita ofisini, akamwambia kwa upole unaouma kuliko matusi: shule ikifunguliwa, kama hawezi kusimama ubaoni, atahamishiwa stoo ya vitabu. Akalie kiti, ahesabu vitabu.

Mwalimu akaja kwa Kisigino na kiatu chake cha kulia, kile cheusi cha kamba, akasema, "Dada, hiki ninacho na kinanitosha. Nitengenezee mwenzake."

Kisigino alichora ule mguu kwenye karatasi, akachonga kalibu ya mbao yenye umbo lake, akakata ngozi, akapandisha soli tabaka juu ya tabaka mpaka vidole vinne vikatimia, na bado kiatu kikabaki na sura ya kiatu. Wiki tatu. Akakitia kwenye boksi, akaenda kaunta ya kampuni ya vifurushi siku ya Alhamisi, akajaza fomu, akapewa risiti. Kingefika Jumamosi. Shule haifunguliwi Jumatatu ile bali Jumatatu ya pili yake, kwa hiyo nafasi ilikuwepo ya kutosha.

Jumatatu ya kwanza mwalimu akapiga simu. "Dada, sijaona kitu."

Jumanne Kisigino alikuwa kaunta kabla mlango haujafunguliwa, mimi nyuma yake kama mlinzi wa rais. Karani akabonyeza kompyuta, akatabasamu.

"Mzigo wako uko njiani, mama."

"Njia ipi?"

"Njiani tu."

"Sikugombezi, baba, nataka kujua. Mzigo ukitoka mlango huu unapinda wapi? Unalala wapi? Nani anaushika?"

Karani alikodoa macho. Watu humjia na hasira, na hasira amezizoea kama mvua juu ya bati. Mtu wa kumuuliza kifurushi kinalala wapi, hajapata kumwona. Akamwambia arudi kesho. Kesho yake akamwambia arudi keshokutwa. Ijumaa, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, akaja na jipya.

"Mama, nimekwenda ghalani mwenyewe jana. Nimepekua rafu zote. Hakipo."

Kisigino akainama pembeni ya kaunta, akachungulia chini.

"Ghala lenu lina sakafu ya nini?"

"Saruji."

"Basi hujafika. Soli hizo zina mwezi hazijakanyaga kitu kigumu kuliko zulia."

Watu kwenye foleni waliangua kicheko. Karani naye, masikini, akashindwa kujizuia, akacheka huku akivuta miguu chini ya kiti. Akatoa fomu ya fidia. Kisigino akairudisha kwa kidole kimoja.

"Fidia haivaliwi. Niandikie ghala liko wapi."

Hapo ndipo mimi nilipoingilia kati. Nikagonga kaunta, nikanguruma mpaka kalamu zikaruka, na karani akaandika njia ya kwenda ghalani.

Kisigino anasema kutoka kule kwenye misumari kwamba nilikuwa nje nasoma tangazo la godoro. Sawa. Tuendelee. Njia iliandikwa, hilo halibishaniwi.

Ghala liko nje ya mji, nyuma ya kiwanda cha matofali, jengo refu lenye milango ya chuma inayolia kama punda ikivutwa. Mlinzi wa getini alikuwa na buti lililofunguka mdomo. Kabla hajamaliza kusema hairuhusiwi, Kisigino alikuwa ameshafungua mfuko wake, ametoa sindano na uzi. "Vua," akamwambia. Akashona akiuliza maswali: magari yanaingia saa ngapi, boksi likipasuka linapelekwa kwa nani, na likilowa je? Mlinzi, mguu mmoja na soksi tu, alijibu yote. Nami nilidhani ni ujanja wa kupata njia. Wala. Alitaka kujua, basi. Tangu utotoni ndivyo alivyo. Aliwahi kufungua redio ya dada yangu kutafuta msemaji amekaa wapi.

"Boksi likiharibika," mlinzi akasema akivaa buti lake jipya, "linakwenda kwa Bibi Daftari. Ila mkae chonjo. Yule mama hataniwi."

Bibi Daftari ndiye mtunza ghala. Mama wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, daftari kubwa kwapani. Kisigino alimtazama chini kama kawaida yake, kisha akaninong'oneza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona kito:

"Mjomba, angalia visigino vile. Vimelika sawasawa, kama vimepimwa kwa rula. Mtu huyu hajapoteza kitu maishani mwake."

"Basi kiatu chetu kimepotezwa na nani?"

"Ndicho ninachotaka kujua."

Akampa risiti. Bibi Daftari akavaa miwani, akasoma namba, akashusha pumzi ndefu.

"Ni wewe," akasema. "Afadhali umekuja. Nimekitafuta mpaka mgongo umeniuma."

"Mmekikosa?"

"Kukikosa? Kimoja ninacho. Natafuta cha pili!"

Akatupeleka mwisho wa ghala, kwenye rafu iliyobandikwa karatasi: VISIVYOKAMILIKA. Pale palikuwa na sufuria isiyo na mfuniko, mfuniko usio na sufuria yoyote inayohusiana nao, spika moja, nusu ya kitanda cha mtoto, glavu ya mkono wa kulia. Na katikati yao, kimepanguswa vumbi, kimeelekezwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, kiatu cha kushoto cha mwalimu.

Bibi Daftari akaeleza, na alieleza kwa fahari. Boksi lililowa kona siku ileile ya Alhamisi, likaletwa kwake alifunge upya. Kanuni yake ni moja: kila kilichofunguliwa kinalinganishwa na fomu, na kisichotimia hakiondoki. Miaka tisa hajampelekea mteja nusu ya kitu chake. Alipoona kiatu kimoja, akajua cha pili kimedondoka mahali. Akahamisha rafu tatu. Akawashusha madereva wawili, wakapekua magari yao chini ya viti. Akafungua daftari kutuonyesha: Ijumaa, *kulia bado*. Jumamosi, *kulia bado*. Mpaka siku ile, wiki nzima, *kulia bado*, kwa mwandiko ulionyooka.

"Lakini huko kaunta wanasema hakipo," nikamwambia.

"Kaunta waliuliza kwa simu kama jozi ipo. Nikajibu jozi haipo. Si kweli?"

"Mama," Kisigino akasema polepole, "kwani nani alikwambia ni jozi?"

Bibi Daftari akafungua daftari lake. Alichomoa fomu, akaigeuza.

Ulikuwa mwandiko wa mpwa wangu, siwezi kuukosea, ule wa herufi zilizolala kama zimechoka. *Viatu vya ngozi, vyeusi. Jozi 1.*

Miaka ishirini mtu anatuma viatu, na miaka ishirini anaandika maneno hayohayo. Siku aliyotuma kimoja, kichwa kilijua, mkono haukuambiwa. Kisigino aliitazama ile fomu, akageuka akanitazama mimi, kisha akakaa juu ya nusu ya kitanda cha mtoto akacheka mpaka machozi. Anayewasoma watu wote kuanzia soli, hajasoma fomu yake mwenyewe.

"Ni kimoja tu, mama yangu," akasema akijifuta. "Kilizaliwa peke yake. Mwenzake yuko mguuni kwa mtu."

"Uthibitisho?"

Hataniwi kweli. Ikabidi tumpigie mwalimu simu, sauti ikawekwa wazi. Bibi Daftari akauliza, mkavu kama hakimu, "Wewe ulitarajia viatu vingapi?"

"Kimoja," sauti ya mwalimu ikajibu. "Cha kushoto. Soli yake nene. Mama, kimeonekana?"

Bibi Daftari akavua miwani. Akachukua kile kiatu, akakipima uzito mkononi, akapitisha kidole kwenye tabaka za soli, akahesabu kimyakimya. "Mimi nilidhani ni mtindo," akasema. Kisha akamsogezea Kisigino fomu na kalamu. "Sahihisha. Weka sahihi. Siwezi kukitoa kikiwa nusu."

Kisigino akakata *Jozi 1*, akaandika: *Kimoja. Kimekamilika.*

Angeweza kukichukua aondoke nacho. Bibi Daftari hakutaka hata kusikia. Kampuni ilikipokea, kampuni itakifikisha, kesho Jumamosi kwa gari la kwanza. Wakabishana kidogo, mpaka Kisigino akatoa shauri lake, na macho yalikuwa yanameta.

"Basi kipelekeni nyie, na mimi mnipakie nacho. Nataka kuiona hiyo njia wanayosema kila siku."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi mpwa wangu alikaa mbele kwenye gari la vifurushi, boksi mapajani, akimuuliza dereva kila kona. Nafasi yangu haikuwepo, wala sikununa sana. Jioni alirudi akiwa amejaa habari: vituo vinne, mizani mbili, na mbwa mmoja anayejua muda wa gari. Mwalimu alikivaa mlangoni, akatembea mpaka ukutani na kurudi bila fimbo. Kisigino akakikwangua kidogo kisiginoni, kikakaa.

Ikafika Jumatatu yenyewe. Hapo sasa, msomaji, jishikilie. Mwalimu aliingia darasani akinyooka kama mlingoti, fimbo akaitupa dirishani. Akashika chaki kwa mkono wa kulia na ya pili kwa mkono wa kushoto, akafundisha kuanzia kengele ya kwanza mpaka jua linazama bila kugusa kiti, na mwalimu mkuu alipochungulia dirishani akadondosha miwani, wanafunzi wote mia tisa wakasimama wakapiga makofi mpaka mabati ya paa yakaanza ku—

"Mjomba."

"Naam, mama."

"Mabati gani? Shule ile ina vigae. Na wewe hukuwepo. Hata mimi sikuwepo."

"Lakini alipiga simu—"

"Alipiga simu akasema alisimama vipindi viwili, cha tatu akakaa, na mwalimu mkuu akamwambia kesho aje darasani kwake kama kawaida. Andika hivyo."

"Vipindi viwili? Si tuseme hata vitano, kwa ajili ya—"

"Viwili, Mjomba. Vinatosha."