Ndege Aliyefundishwa Kuniita Mgumba

Ndege aliyeniita mgumba nilimlea mimi mwenyewe. Nilimsagia maganda ya mayai, nilimkatia mchicha kwa mkasi, nilimfunika kwa kanga baridi ilipoingia. Hata neno lake la kwanza, "shikamoo," nilimfundisha mimi ili wageni wa mume wangu wapate kucheka. La pili alifundishwa na mama mkwe wangu.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa Nyarubungo, wilaya ya Biharamulo. Kwetu ni Kanazi, upande wa Ngara, na lugha yangu ni Kihangaza. Mume wangu ni mtoto wa Wasukuma waliohamia kutoka Shinyanga wakitafuta malisho. Yeye hakufuata ng'ombe, alifungua duka la vipuri vya pikipiki. Mimi nilifundisha shule ya msingi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, maana ndiyo lugha iliyotukutanisha, na mpaka leo naamini yako mambo hatukuwahi kuambiana kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na changu cha darasani.

Ndege walitoka Mwanza, alikokwenda mume wangu kufuata mzigo wa duka. Walikuwa wawili, kasuku wadogo wasiozidi kiganja, dume la kijani na jike la njano, ndani ya tundu la waya.

"Watakuchangamsha," aliniambia. Tulikuwa tumeoana muda wa kutosha majirani kuanza kunitazama tumbo kabla ya kunitazama uso, nami nilielewa kwa nini nahitaji kuchangamshwa.

Nilijifunza kuwatunza kwa kuulizia. Mwalimu mwenzangu aliyewahi kukaa nyumba moja na wafugaji wa ndege huko mjini alinieleza jinsi ya kumtambua dume kwa rangi ya ngozi iliyo juu ya mdomo, penye pua: kwa dume mzima ni ya bluu, kwa jike ni ya kahawia. Alinionya wasikae jikoni penye moshi wala mlangoni penye upepo, na wasipewe parachichi hata kipande, kwa kuwa kwao ni sumu. Nikawapa uwele na ulezi, nikawabadilishia maji asubuhi na jioni. Nilipotoka shule, kabla sijavua viatu, nilikuwa nakwenda kwenye tundu. Nilipenda namna walivyokunana vichwa, mmoja akifumba macho na mwenzake akimchambua manyoya taratibu kama mtu anayechambua mchele.

Kisha mama mkwe akaja. Macho yake yalikuwa yameanza kuona ukungu, mekundu siku zote kwa moshi wa miaka mingi jikoni, na mume wangu alitaka awe karibu na hospitali. Nilimpokea kwa magoti. "Shikamoo mama." Aliitikia akiwa anaangalia nyuma yangu, ndani ya nyumba.

"Marahaba. Watoto wako wapi?"

Alijua hawapo. Nilimwambia Mungu hajajalia. Akaketi, akasikiliza ndege wanavyopiga kelele, akasema, "Nyumba haikosi mtoto wa kulia. Hata kama ni wa manyoya."

Mwanzoni nilijipa moyo kwamba ni ukali wa uzee. Nilimwogesha mgongo, nilimtia dawa ya macho, nilimpikia ugali wa muhogo mgumu kama alivyopenda. Alikula, akanilaumu, akala tena. Chakula changu kilikuwa cha baridi, maji yangu ya moto mno, na kitanda changu, alisema mbele ya mwanawe, kilikuwa kitanda cha kulalia tu.

Jike lilipoanza kujikunyata chini ya tundu, lilikuwa limevimba nyuma, likihema mkia juu mkia chini. Yai lilikuwa limelikwama. Nililishika ndani ya kitambaa, nikalikalisha juu ya chupa ya maji ya uvuguvugu, nikalipaka tone la mafuta ya kupikia pale chini kama nilivyoelekezwa kwa simu. Nilikaa nalo mapajani mchana kutwa wa Jumamosi. Alasiri likatandaza mabawa yote mawili, likafa mkononi mwangu, yai lingali ndani.

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake muda wote huo. Aliponisikia nalia, alimwita mwanawe aliyekuwa anaingia.

"Njoo uone mkosi wa mkeo. Hata ndege wake hazai."

Mume wangu alisimama katikati ya ukumbi. Nilimwangalia nikingoja neno moja tu. Akaniambia nikamzike haraka, asije akanuka.

Dume lililobaki halikula siku kadhaa, kisha likaanza kutafuta mwenzi kwa yeyote atakayelisogelea. Ndege hawa wakiwa wawili husemezana wenyewe kwa wenyewe. Akibaki mmoja, hujifunza ya watu. Asubuhi nilikuwa namsemesha mimi, halafu nakwenda kazini. Mchana alibaki na mama mkwe.

Siku moja tuliruhusiwa kutoka mapema kwa sababu ya msiba wa jirani wa shule. Nilipofika uani nilisikia sauti ya mwanamke ikibembeleza, laini mno hata nikadhani tuna mgeni mwenye mtoto mchanga. Nilichungulia dirishani. Mama mkwe alikuwa amesogeza kiti hadi usoni pa tundu, punje za uwele kiganjani.

"Sema, baba. Sema mgumba. Mgumba. Haya, kura, baba, kura." Alisema "kura" akimaanisha "kula", kama wanavyosema wengi wa rika lake huko kwao. "Mgumba. Sema tena, mfalme wangu."

Sikuwahi kusikia sauti hiyo ikitoka kinywani mwake, si kwangu, si kwa mwanawe. Ilikuwa sauti ya bibi anayemlaza mjukuu. Nilirudi hadi barabarani, nikasubiri muda wangu wa kawaida wa kufika, ndipo nikaingia na kumwamkia.

Ndege alilitoa neno lile siku ambayo jumuiya ya akina mama ilikuwa kwetu. Tulikuwa tumemaliza kusali na mimi nagawa chai. Akapasua kwa kile kisauti chake cha haraka, kama redio inayotafuta stesheni: "Mgumba! Kura, mgumba!" Neno hilo karibu linafanana katika lugha zetu zote, Kihangaza, Kisubi cha wenyeji, Kisukuma, kwa hiyo hapakuwa na aliyehitaji kutafsiriwa. Mwanamke mmoja alikohoa ndani ya kikombe. Mwingine akashindwa kujizuia, akacheka, na akicheka mmoja wengine hufuata. Waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anapapasa mfukoni kutafuta punje.

Jioni nilimweleza mume wangu. Ndege akalirudia mbele yake, na yeye naye akacheka. Alijaribu kukizuia kicheko kwa mkono, kikampita.

"Ndege hana kosa," alisema.

"Sijasema ndege."

"Basi unataka nimfukuze mama yangu kwa sababu ya kasuku?"

Nilijaribu kulifuta neno lile. Niliamka mapema nikamwimbia, nikamrudishia salamu yake, nikampa punje kwa kila "shikamoo". Akachanganya: "Shikamoo mgumba." Watu walianza kuja kumsikiliza. Wateja wa dukani waliletwa nyumbani na mume wangu mwenyewe, wakasimama mbele ya tundu na soda mikononi. Nilifikiria sana kufungua mlango wa tundu. Lakini nje palikuwa na mwewe na paka wa jirani, na yeye hakujua kuruka zaidi ya upana wa ukumbi. Tena, ubaya wenyewe ni huu: aliponiona alikuwa anakimbilia waya kwa furaha, anainamisha kichwa nimkune, na huku nikimkuna ananiita mgumba kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Nilikwenda kupima. Daktari alisema upande wangu haoni kasoro, amwone na mwenzangu. Nilimpelekea mume wangu habari hiyo. Aliyejibu ni mama yake.

"Udongo ndio unaopimwa, mwalimu. Ulisikia wapi jembe limepelekwa hospitali?"

Haukupita muda, akaletwa msichana. Alikuwa ametoka kumaliza kidato cha nne, mpole, anayeshika ncha za kanga yake kama mtu aliye kwenye foleni. Niliambiwa nihamie chumba cha nyuma. Nilikusanya vitu vyangu nikasema nakwenda kwetu, nikaomba ndege.

"Ndege ni mali ya mwanangu," mama mkwe alisema. "Ulikuja na nini hapa?"

Yule msichana alinisindikiza mpaka barabarani amenibebea begi. Sikuwa na kinyongo naye. Nilimweleza jinsi ya kumlisha ndege, maji asubuhi na jioni, asimweke kwenye moshi, na asimpe parachichi hata kipande, atakufa. Aliitikia kila jambo, "Sawa, dada."

Nilipata uhamisho nikarudi Kanazi. Nilipanga vyumba viwili karibu na shule, nikalima maharage. Sikutaka habari za Nyarubungo, na ndugu zangu waliheshimu hilo.

Yule msichana alikuja kunitafuta baada ya mavuno ya mwaka wa pili. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya mlango wangu, amekonda, uso umekuwa wa mtu mzima. Nilimpa maji. Alikunywa yote ndipo akasema.

"Na mimi sikupata, dada."

Nilimwongezea maji.

"Akaanza kuniita. Yule ndege. Mama anampa punje, ananiita. Mume wetu analeta watu." Alisema "mume wetu" bila kusita. "Nikampa parachichi. Ulinifundisha mwenyewe. Alilipenda, alikula mpaka akajipaka kifuani. Hakufika jioni."

Nilisimama, nikaenda kupindua maharage niliyokuwa nimeanika, ingawa hayakuhitaji kupinduliwa. Niliona tena vile ndege alivyokuwa akikimbilia waya. Niliporudi alikuwa bado anazungumza, kana kwamba sikuondoka. Alisema mama mkwe alilia, alimlilia ndege kwa sauti kama anayemlilia mtu, na mwanawe kwa kumhurumia alimletea mwingine kutoka Mwanza, kinda, asiyejua neno lolote.

"Ndiyo maana nimekuja. Nataka unifundishe wanavyofundishwa. Nimuwahi kabla ya mama."

"Umfundishe nini?"

Alitazama kama kuna mtu njiani. "Mchawi."

Mwanzoni sikuelewa, kisha nikaelewa vizuri sana. Aliyeishi na familia zilizotoka Shinyanga anajua neno hilo linachoweza kumfanyia bikizee mwenye macho mekundu, hasa katika nyumba ambayo wake wawili hawakuzaa. Lingesemwa na mtu, lingekuwa ugomvi. Likisemwa na ndege, mbele ya wateja wenye soda mikononi, watu watauliza ndege amejuaje. Wapo waliovamiwa kwa mapanga kwa kidogo kuliko hicho.

"Unajua watamfanya nini?" nilimuuliza.

"Najua."

Alisema hivyo akinitazama usoni, na sauti yake ilikuwa ya upole uleule aliokuwa akiniambia nao "sawa, dada".

Nilimuuliza ngozi iliyo juu ya mdomo wa ndege ina rangi gani. Akafikiri, akasema inaelekea bluu. "Basi ni jike," nilimdanganya. "Majike hayasemi. Utajisumbua bure." Alinikazia macho. Sidhani kama aliamini. Alinishukuru kwa maji, akakataa chakula, akaenda kuwahi gari la Biharamulo.

Nilimpigia mume wangu wa zamani, kwa mara ya kwanza tangu niondoke. Alidhani nataka kurudi, akaanza kwa maringo. Nilimwambia amtoe yule ndege nyumbani siku hiyohiyo, nikamwambia na neno ambalo angefundishwa. Sikumtaja anayetaka kumfundisha. Nilisikia pikipiki zikiungurumishwa dukani kwake. Huyu ni mtoto wa watu wa Shinyanga, neno hilo hakuhitaji kuelezwa. Aliniuliza neno moja tu: "Nani?"

"Mtoe ndege," nilisema, nikakata.

Watu huniambia nilifanya wema. Mimi sijui. Nilipokuwa namwogesha yule mama mgongo, niliwahi kutamani kumwagia maji ya kuunguza, na ningali nalikumbuka hilo bila kuona haya. Lakini mapanga nilikwishayaona. Mtaani kwetu Nyarubungo, mwaka wangu wa kwanza wa ndoa, nilikwenda kwenye mazishi ya bibi mmoja ambaye jeneza lake halikufunguliwa.

Ndege alipewa mteja wa mbali. Mama mkwe, naambiwa, alisema kwamba hata nikiwa Ngara nina wivu na kila kinachopumua karibu naye. Sasa haoni kabisa. Yule msichana hakuondoka, hana kwao pa kurudi. Yeye ndiye anayemtia dawa, anayemlisha, anayemshika mkono kumpeleka chooni, na mpita njia mmoja wa Kanazi aliyelala kwao safarini aliniambia kwamba katika nyumba ile wanawake wale wawili hukaa ukumbini kutwa nzima, na hakuna anayemsemesha mwenzake.